Kiwanja cha Nyumba ya Nailoni

Bibi yangu aliniita mume wake tangu natambaa. Kwetu Mtwara hilo halimshangazi mtu. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na bibi ana haki ya kumlalamikia kwa kila kitu ambacho mume wa kweli angelalamikiwa. Nikichelewa kurudi kisimani aliniuliza nimepitia kwa mwanamke gani. Nikimletea dagaa siku aliyotamani samaki changu, aliwatangazia majirani kwamba ndoa imemshinda, aitwe kadhi. Wakati huo nilikuwa darasa la tatu na bado nalia nikichomwa na mwiba.

Yeye ndiye aliyenilea, shambani kwake, njia ya kwenda Msimbati, katikati ya mikorosho na mihogo. Nilipomaliza darasa la saba na majina ya waliochaguliwa yakasomwa bila langu, nilikuja mjini kutafuta kazi, nikaipata ya kushona magunia kwenye ghala moja la korosho karibu na bandari. Nilikaa mtaa wa Rahaleo, kwenye nyumba ya mjomba wangu, vyumba viwili na ua. Miaka ikapita hivyo. Kisha, huko katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati habari ya gesi ya Msimbati iko midomoni mwa kila mtu, Bibi akavimba mguu. Mjomba, ambaye yeye alibaki kule kule upande wa Msimbati, akamleta mjini atibiwe, na akamweka kwangu.

Mguu ukapona. Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu Bibi aliyepona ni Bibi anayetaka kurudi kwake.

"Mjomba wako akileta korosho," aliniambia, "lori likirudi tupu, mimi nimo. Mvua za kupandia hazitanikuta hapa."

"Hapa kuna ubaya gani, mke wangu?"

"Hapa kuna ukuta. Asubuhi nauangalia ukuta, jioni nauangalia ukuta. Ukuta wenyewe hujaupaka hata chokaa, nnume wangu."

Bibi alisema "nnume", si "mume", na alilisema kwa kulivuta, kama mtu anayelionja kwanza.

Nilicheka tu. Kabla hajaja nilikuwa nimekaa miaka peke yangu, nakula chipsi kwenye gazeti na kunywa chai ya rangi. Tangu aje, nikirudi jioni nakuta ugali wa muhogo umefunikwa, taa imewashwa, na mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi. Sikutaka aondoke. Ila mambo kama hayo humwambii bibi yako waziwazi, atakucheka mpaka Idi ijayo. Nikatafuta hila.

Hila niliipata kwenye maonyesho ya Nane Nane, ambako mimi na wenzangu wa ghalani tulikwenda kwa ajili ya ngoma tu. Kumbe kwenye kona moja kulikuwa na nyumba nyeupe ya nailoni yenye mifupa ya mabomba ya chuma, na ndani yake nyanya zimepanda kamba hadi juu kama watoto kwenye mnazi. Bwana shamba aliyesimama mlangoni, amevaa mabuti meupe ya mpira kama mtu wa machinjioni, aliiita kitalu nyumba. Alisema nyanya zilizomo humo hazijui kama nje kuna mvua.

Maneno hayo yaliniingia. Kwetu mvua zikianza nyanya zinaoza shambani, na barabara ya kwenda Dar es Salaam miaka ile ilikuwa ikifungwa na tope, kwa hiyo za kutoka mbali nazo hazifiki. Kuanzia mwezi wa kwanza Bibi alikuwa akipika mchuzi huku akiuomboleza. "Tazama," alikuwa akisema, ameinua upawa, "rangi ya maji ya kuoshea mchele." Nikajiona mimi nimesimama mlangoni kwangu na kikapu cha nyanya katikati ya masika, Rahaleo nzima imepanga foleni, na Bibi ndiye msimamizi mkuu, amekalia kigoda, anamgombeza kila mtu. Mtu mwenye kazi kama hiyo hawezi kupanda lori.

Niliuliza bei. Bwana shamba aliitaja kwa sauti ya chini, kama daktari. Nikamshukuru, nikatoka, nikanunua muwa.

Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa najenga. Mabomba ya chuma niliyaacha palepale kwenye maonyesho. Mbao nilizifikiria mpaka nilipokumbuka mchwa wa Rahaleo, ambao waliwahi kula mguu wa kitanda changu nikiwa nimekilalia. Nikabaki na mianzi, ile inayoletwa kwa baiskeli kutoka mabondeni mwa Ruvuma. Ni mirefu, inapinda bila kuvunjika, na muuzaji wake hatajifanya daktari.

Nailoni ndiyo iliyoleta baraza. Nilimweleza Bibi habari yote, isipokuwa sababu yake, naye akamwita jirani yetu wa mlango wa pili aje asikie mume wake anataka kufanya nini. Jirani huyu alikuwa mama wa Kiyao kutoka Tunduru, muuza maandazi, na kwa kuwa sisi ni Wamakonde alijihesabu mtani wetu halali na hakulipoteza hata neno moja la haki hiyo.

"Nyanya ndani ya nailoni!" alisema. "Nyie Wamakonde mmemaliza kuchonga miti sasa mnavisha mboga nguo?"

"Anunue nyeusi," Bibi akasema. "Haionyeshi uchafu."

"Nyeusi haipitishi jua," nikasema.

"Basi turubai la buluu," jirani akasema. "Hata mkishindwa, mtalifungia harusi."

"Nataka nyeupe, ile ya kuona ndani."

Bibi akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Ananijengea nyumba ya kuona ndani. Nimeolewa na mwanamume asiye na wivu."

Nikanunua nyeupe, robota zima, nikaibeba begani kutoka dukani mpaka nyumbani, na kila niliyekutana naye aliniuliza nani amefariki.

Sasa kiwanja. Nilidhani kuchagua nyumba ndiyo kazi, kumbe kazi ni kuichagulia mahali pa kukaa. Bibi alichukua fimbo yake, ile aliyopewa kwa ajili ya mguu na ambayo sasa aliitumia kuonyeshea makosa ya watu, tukazunguka ua.

"Hapa," nikasema, nyuma ya jiko, chini ya mwarobaini. "Pametulia, mwizi haoni."

Bibi akatazama juu. "Nyanya unazilaza usingizi? Hapa jua linapita kusalimia tu na kuondoka."

"Basi hapa kando ya bafu. Maji ya kuogea yatamwagilia yenyewe."

"Nyanya za sabuni. Halafu nikitoka kuoga nionekane na kila aliyemo kwenye hiyo nyumba yako?"

"Ndani hamna watu, mke wangu. Mna nyanya."

"Zitaniona nyanya. Unafikiri zinakuwa nyekundu kwa nini? Aibu hiyo."

Ikabaki mbele ya nyumba, kwenye kile kipande cha mchanga kati ya ukuta wetu na barabara ya mtaa. Jua lilikuwepo tele. Bibi hakukipinga wala hakukikubali. Alikichoma choma na fimbo, akasema, "Ni kwa watu hapa," kisha akaingia ndani. Sikulitilia maanani neno hilo. Nilidhani anasema juu ya wapita njia.

Niliijenga kwa siku zangu za mapumziko. Mianzi niliichimbia chini, nikaipinda, nikaifunga kwa kamba za katani zilizobaki ghalani. Nailoni nikaishona. Ndiyo, nikaishona, kwa shazia, sindano ile kubwa ya magunia, mshono uleule ninaoupiga kwenye gunia la korosho, wa kubana kabisa, ambao mnyapara wetu alikuwa akiusifu kwamba hata korosho ikitaka kutoroka haipati upenyo. Nilijivunia sana. Nilisimama barabarani kuutazama mshono wangu unavyokimbia juu ya paa, umenyooka kama uzi wa kanzu ya Idi.

Watoto wa mtaa walikuja siku ileile. Walikuwa wamezoea mabanda ya video, na banda jipya lenye mlango mmoja kwao lilikuwa na maana moja.

"Bibi, leo mnaonyesha picha gani?"

"Picha ya nyanya," Bibi akawajibu kutoka kwenye kigoda. "Inaanza mwezi wa kumi na mbili. Nendeni mkaoge kwanza."

Nikapanda miche, nikaimwagilia, nikafunga mlango vizuri, kwa sababu nilielewa kwamba nyumba ni ya kufungwa. Bwana shamba hakuniambia nisiifunge. Au aliniambia nimeshatoka kununua muwa. Ulikuwa mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi wa Mtwara mnaujua, mtu anakaa kivulini na bado anatafuta kivuli kingine. Niliporudi kazini jioni nikafungua. Hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Miche yangu yote ilikuwa imelala, laini, kijani cha kuiva. Ilikuwa imebaki kutiwa nazi tu.

Bibi akaja nyuma yangu. Aliingia, akakaa humo kidogo, akatoka anajifuta shingo kwa kanga.

"Nnume wangu," alisema, "hujanijengea nyumba. Umenijengea tanuri."

Nilikwenda kulala bila kula. Nikiwa kitandani niliwasikia yeye na jirani wanacheka uani, na mara moja moja neno "tanuri" likipanda juu ya ukuta.

Lakini kesho yake niliporudi, nilikuta Bibi amekunja kuta za nailoni kidogo kwa chini ili hewa ipite, ametandika jamvi ndani, na juu ya jamvi ameanika mihogo iliyomenywa. Makopa. Kwa kawaida mihogo inachukua siku nyingi juani, na kila usiku unaiingiza ndani, na kuku wote wa mtaa wanakuwa wageni wako. Humo ilikauka upesi, nyeupe kama chaki, na kuku wakabaki nje wakiigonga nailoni kwa midomo.

Habari ikaenea. Jirani akaleta mihogo yake. Mama mwingine akaleta bamia. Halafu, kwa kuwa mabibo yalikuwa yameanza kuanguka mikoroshoni, jirani yetu akaleta ndoo nzima ya mabibo, akayabana maji na kuyapanga kwenye jamvi yawe kochoho. Kochoho ni mabibo yaliyokaushwa, unaweza kuyatafuna kama tende, na wala siyasemi mengine, ila ambaye si wa huku ajue kwamba wengi hawayakaushi kwa ajili ya kuyatafuna. Wanayaloweka. Na yanapolowekwa hayabaki kuwa tunda.

Harufu yake ni tamu na kali, na ilikuwa inafika barabarani kabla ya kochoho yenyewe. Shehe wa mtaa wetu, mtu mpole, alisimama siku moja akitoka kusali alasiri.

"Asalamu aleikumu, Bibi. Hapa pananukia nini?"

"Waleikumu salamu, Shehe. Mabibo."

"Ya nini?"

"Ya kula."

Shehe aliinama, akachungulia kupitia nailoni. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesisitiza nailoni ya kuona ndani, aliona vizuri sana.

"Yote haya?"

"Meno tunayo, Shehe."

Jirani alikuwa amejificha nyuma ya mlango wetu, mtandio ameuuma ili asicheke. Shehe naye nadhani alikuwa anajizuia, maana aliondoka haraka na mabega yake yalikuwa yanacheza. Siku ya pili jirani aliziondoa kochoho zake, akazirudisha baada ya swala ya Ijumaa.

Na mimi, jamani, nilikuwa na furaha isiyo kifani. Nyanya sikuwa nayo hata moja, lakini hila ilikuwa imefanya kazi. Bibi alikuwa na shughuli. Tangu asubuhi watu wanaingia na kutoka, yeye anapanga nani aanike wapi, anagombana, anasuluhisha. Habari ya lori hakuitaja tena. Ukuta hakuutaja. Nikaanza hata kuulizia bei ya chokaa.

Kisha ikaja mvua, ya ghafla, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mchana wa siku ya mapumziko yangu. Wanawake walitoka mbio kuelekea kwenye nyumba ya nailoni, nikawazuia kwa mikono miwili.

"Tulieni! Hii ni nyumba, haivuji!"

Walinitazama. Tukaingia ndani sote kushuhudia. Kwa muda mfupi maji yaligonga paa tu, nami nikatabasamu. Halafu kila tundu la shazia likaanza kudondosha. Ule mshono wangu wa kusifiwa, mrefu, umenyooka, ulimwaga maji kwa mstari mmoja kutoka mwanzo wa paa hadi mwisho, juu ya makopa, juu ya bamia, juu ya kichwa cha jirani.

"Mtani," alisema, akijifuta, "umejenga nyumba au umejenga kifumbu cha kukamulia nazi?"

Kila mtu akacheka, wakakimbia na vitu vyao. Nami nilicheka, mpaka nilipomgeukia Bibi.

Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama mlangoni, nje kidogo, mvua ikimpata begani, anainusa. Ardhi ilikuwa inatoa ile harufu ya mchanga uliolowa kwa mara ya kwanza. Alivuta pumzi, akaiachia taratibu. Kisha akaingia chumbani kwake, na nilipomfuata nikamkuta anafunga nguo zake kwenye kanga.

"Kule watakuwa wameanza kulima," alisema, si kwangu hasa.

Mjomba alifika baada ya siku chache. Alishusha korosho, akaja Rahaleo na lori tupu, akaliegesha karibu kabisa na nyumba ya nailoni. Nilimwamkia, akaitika, akaizunguka nyumba ile mara moja mikono nyuma, akaniuliza kama ni ya kufugia nini. Bibi alikuwa tayari amekaa mbele kwenye kiti cha lori, fimbo katikati ya magoti, mzigo wake mapajani. Jirani alikuwa amemletea maandazi ya njiani na wakati huohuo anamtukana kwa mapenzi.

"Nenda, Mmakonde wee! Mtaa utapumua."

"Utapumua harufu ya mabibo yako," Bibi akamjibu.

Nilisogea mpaka dirishani. Nilikuwa nimepanga utani mzuri wa kumuagia, ukanipotea wote.

"Bibi," nikasema. "Na nyumba yako?"

Alinitazama. Ilikuwa nadra nimwite hivyo.

"Nyumba yangu ipo wapi?"

"Si hii hapa?"

"Hii ipo Rahaleo."

"Ndiyo."

Akamgeukia mjomba. "Mwulize huyu mwanamume. Kwetu mtu akioa, anaishi wapi?"

Mjomba alikuwa anafunga mkia wa lori. Alifikiri anaulizwa kweli, akajibu kweli. "Ukweni. Mwanamume anahamia kwa mke. Anajenga huko, analima huko, na mama mkwe anamtazama kama jembe analijua. Mimi nimefanya hivyo, mgongo wangu ni shahidi."

"Haya. Sasa huyu wangu, tangu Nane Nane, ananizungusha uani. Hapa, pale, bafuni. Ananijengea nyumba kwa watu. Sijasikia hata siku moja akiniuliza, mke wangu, kiwanja chako kipo wapi?"

Kwetu Wamakonde ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamume ndiye anayebeba virago vyake. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimehudhuria harusi za aina hiyo na kula pilau zake. Na bado nilikuwa nimekwenda kumjengea mwanamke nyumba kwangu, tena nikashangaa kwa nini haingii.

Jirani akaanza kucheka, kisha akaniona uso, akajifanya anafunga upya maandazi. Hiyo haikuwa kawaida yake.

"Nilitaka ukae," nikasema.

Nilikuwa nimeshika mlango wa lori. Bibi aliutazama mkono wangu, halafu akaweka wake juu.

"Najua. Mtu hanunui nailoni yote ile kwa ajili ya mchuzi. Siwezi, mjukuu wangu. Hapa mimi ni mgonjwa aliyepona. Kule mimi ni mwenye shamba."

Mjomba alikohoa.

"Mvua hiyo inakuja," alisema. "Kuna nyumba inapanda lori au haipandi?"

Ilipanda. Tuliing'oa wote, jirani akiwa wa kwanza kukata kamba kwa kisu chake cha kukatia maandazi, na watoto wa mtaa wakibeba mianzi kwa shangwe, ingawa mmoja alilia kwamba picha haijaonyeshwa. Nikaenda mbio ghalani kumwomba mnyapara ruhusa. Aliniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia nahamisha nyumba ya mke. Akanipa mpaka Jumatatu.

Shambani Bibi alishuka kwenye lori bila kushikwa na mtu, na fimbo ikabaki kitini. Nilimfuata huku na huko. Kulikuwa na kiwanja kila upande, jua kila upande, na mimi sasa nilijiona mtaalamu.

"Hapa karibu na kisima," nikasema. "Maji yapo mkononi."

"Anasema kweli," mjomba akaunga.

"Hapo mkorosho unafika," Bibi akasema. "Ukipuliziwa dawa ya unga, inaangukia nyumba. Majani nayo yanaangukia nyumba. Mpaka uje kuona nyanya, umeshafagia paa mwaka mzima."

"Kule juu, basi, kuna upepo wa kupoza."

"Kuna upepo wa kubeba. Unataka niifuate nyumba yangu Msumbiji, ng'ambo ya mto?"

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye uwazi kati ya jiko lake na mlango wa nyumba, mahali ambapo kila mtu hupita, akasimama katikati.

"Hapa."

"Hapa ni njia, mke wangu! Tutapita wapi?"

"Ndani. Nyumba si ina mlango? Wekeni miwili." Akamwonyesha mjomba mlango wa jiko. "Nikikaa pale nataka nimwone huyu anavyofanya uvivu."

Tukajenga hapo. Kuta hatukuweka kabisa, paa tu, na pande zote wazi, ila kila mwisho tukasimamisha miimo ya mlango, kama Bibi alivyotaka. Paa nalo sikulishona. Shazia niliitia mfukoni, nikakunja kingo za nailoni kwenye fito na kuzikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na pale penye matundu ya zamani tukakunja mara mbili. Nyumba ikawa fupi kuliko mwanzo. Bibi alisema inamtosha, yeye naye amekuwa mfupi kuliko mwanzo.

Jumatatu nikarudi mjini. Sitaki kusema uongo, zile wiki zilikuwa ndefu. Nilishona magunia mpaka vidole vikawa kama vya kobe. Jioni nilikula maandazi kwa jirani, ambaye alinitoza neno moja la dharau kwa kila andazi, na mara nyingine aliniuliza, bila kunitazama, kama mtani wake mzee anaendeleaje na lini nitampelekea sukari. Korosho zikaisha ghalani, mnyapara akatuaga mpaka msimu mwingine. Miaka mingine huo ulikuwa wakati wa kuhangaika mjini na vibarua. Mwaka ule nilifunga vyumba, nikampa jirani ufunguo, nikapanda gari la kwenda Msimbati na mfuko wa sukari.

Nilishuka mvua ikinyesha kwa nguvu. Nilikimbia kutoka barabarani, matope hadi magotini, nikaingia kwenye nyumba ya nailoni kwa mlango wa upande wa barabara. Ndani palikuwa pakavu. Mvua ilikuwa inapiga ngoma juu yetu, na Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, hakuinuka, hakuacha kisu.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba. Umepitia kwa mwanamke gani?"

"Kwa muuza maandazi. Amekuletea sukari."

"Weka pale, isilowe."

Upande wake wa kulia nyanya zilikuwa zimefika kiunoni, zimefungiwa kamba, na chini kabisa kulikuwa na chache zilizoanza kubadilika rangi. Nilizihesabia moyoni michuzi yake. Lakini upande wa kushoto palikuwa patupu. Udongo ulikuwa umelimwa, umesawazishwa, umetiwa samadi, na hapakuwa na mche hata mmoja, kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

"Huku mbona hukupanda?" nikamuuliza. "Miche ilikwisha?"

"Miche ipo. Ipo nyuma ya jiko, kwenye makopo."

"Sasa?"

Bibi alitupa muhogo uliomenywa kwenye beseni, akachukua mwingine.

"Huko si kwangu," alisema. "Huko kwako. Nitampandia mwanamume mzima?"

Nilisimama pale nikichuruzika maji. Kisha nikavua viatu, nikapitia mvuani hadi nyuma ya jiko, nikaleta makopo mawili mawili. Nilipomuuliza jembe lipo wapi, aliniambia mjomba ameliazima, na kwamba Mungu alinipa vidole kabla ya kunipa shazia, nianze.